Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Makosa ya Wanaoanza Kukuza Miche ya Mboga Ndani ya Nyumba kwa Taa, Arusha na Moshi

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Arusha, Moshi na vitongoji vyake wanaootesha nyanya, pilipili hoho, ngogwe, kabichi na saladi ndani ya nyumba, chini ya taa za umeme, kabla ya kuihamishia miche hiyo bustanini, kwenye ndoo za barazani au kwenye kitalu nyumba. Utaona kwamba majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja ambalo anayeanza huchelewa kulitambua: mwanga ndio unaopanga kasi ya mche, na maji, mbolea na joto havina budi kufuata kasi hiyo. Anayemwagilia na kurutubisha mche uliokosa mwanga anauharakisha kuoza.

Kwa nini mtu atumie taa wakati jua la kwetu halilipiwi?

Ikiwa una ua wenye jua, chandarua cha kuzuia wadudu na paa dogo la nailoni la kukinga mvua, huhitaji taa, na hatukushauri utumie fedha zako huko. Taa zinawafaa wapangaji wasio na ua, pamoja na wale wanaotaka miche ikiwa tayari katika miezi ambayo hali ya hewa haishirikiani nao. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huponda miche michanga na kuirushia matope yenye vimelea vya magonjwa. Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha huweza kukaa siku kadhaa mfululizo chini ya wingu zito linaloshuka kutoka Meru, na mche ulioota siku hizo hudumaa.

Sababu ya tatu ni wadudu, nayo kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba majani na matunda ya nyanya, amekuwapo nchini tangu mwaka 2014 au karibu na hapo, na huweza kutaga mayai kwenye mche ukiwa bado kitaluni. Nzi weupe nao hubeba virusi vinavyosababisha majani ya nyanya kujikunja na kuwa ya njano, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Mche ulioambukizwa ukiwa na majani mawili au matatu hautazaa kitu cha maana hata ukihudumiwa vipi baadaye, kwa hiyo wiki nne au tano za mwanzo ndani ya chumba safi ni kinga ambayo dawa ya kupuliza haiwezi kuifikia.

Si kila zao linastahili utaratibu huu. Karoti hazipendi kuhamishwa kabisa, na maharage na mchicha huota haraka zikisiwa moja kwa moja mahali pake.

Dirisha langu linaingiza mwanga mwingi. Je, halitoshi?

Mara nyingi halitoshi, na macho ndiyo yanayotudanganya, kwa sababu mboni hujipanua penye giza na kufanya chumba kionekane chenye mwanga kuliko kilivyo. Nje, jua la saa sita mchana linaweza kufikia lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Ndani ya chumba cha kawaida, mita moja au mbili kutoka dirishani, utapata mamia machache tu ya lux. Mche wa nyanya au hoho unahitaji kati ya lux 10,000 na 15,000 za taa nyeupe kwa saa kumi na nne hadi kumi na sita ili ukue ukiwa mfupi na mnene. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga, na zipo programu za bure zinazosoma lux. Hazina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini zinatosha kukuonyesha tofauti kati ya 600 na 10,000.

Mahali tulipo pia pana athari yake. Arusha na Moshi ziko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita karibu na utosi, na nyumba zetu nyingi zina mabati yaliyochomoza nje ya ukuta ili kuzuia mvua. Matokeo yake ni kwamba dirisha linaloangalia kusini halipati jua la moja kwa moja mwezi Juni, na linaloangalia kaskazini hulikosa mwezi Desemba. Dirisha la mashariki ndilo lenye nafuu, lakini hata hilo hutoa saa chache tu za asubuhi.

Miche yangu imerefuka, ni myembamba kama uzi na imeanza kulala. Nimekosea wapi?

Umechelewa kuwasha taa, au umeitundika juu mno, au yote mawili. Hili ndilo kosa linaloharibu trei nyingi kuliko mengine yote, na hutokea ndani ya siku mbili tu.

Mbegu ya nyanya haihitaji mwanga ili iote, na kwa sababu hiyo watu wengi huiweka trei gizani, juu ya friji au kabatini penye joto, jambo ambalo si baya. Tatizo huja pale mbegu za kwanza zinapochomoza alfajiri na mwenye nyumba akasubiri hadi zote ziote ndipo aihamishie trei chini ya taa. Kikonyo cheupe kinachoinuka kutoka udongoni kinaongozwa na amri moja: kisipokutana na mwanga, kirefuke. Kitatumia akiba yote iliyomo kwenye mbegu kutafuta jua lisilokuwapo, na ukikiweka chini ya taa siku ya tatu, urefu ule haurudi tena. Kwa hiyo, ukiona hata vikonyo vitano vimechomoza kati ya matundu mia moja, washa taa siku hiyo hiyo. Zilizobaki zitaota zikiwa chini ya mwanga bila shida yoyote.

Kwa miche ambayo tayari imerefuka, nyanya ina nafuu yake, kwa maana shina lake huota mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu. Unaweza kuihamishia kwenye kikopo kirefu na kuifukia mpaka karibu na majani ya mbegu. Hoho na kabichi hazina uwezo huo kwa kiwango hicho, na kwa mazao hayo ni afadhali kusia upya kuliko kupoteza mwezi mzima ukilea mche dhaifu.

Ni lazima ninunue taa ya zambarau inayouzwa kuwa ya mimea?

Si lazima. Tyubu laiti za LED zenye mwanga mweupe, zile zilizoandikwa kati ya 4000K na 6500K na zinazouzwa katika duka lolote la vifaa vya umeme mjini, hukuza miche vizuri kabisa. Mmea hutumia zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na taa nyeupe inayo yote mawili ndani yake. Taa ya zambarau inafanya kazi, lakini ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji: chini yake huwezi kuona jani limeanza kuwa la njano, wala kuona doa la ugonjwa, kwa kuwa rangi hazionekani zilivyo. Mkuzaji asiyeweza kuliona jani lake vizuri huchelewa kutambua tatizo.

Angalia wati halisi za umeme unaotumiwa, si namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Taa nyingi huuzwa zikiwa na maandishi ya wati 1000 ilhali zinavuta umeme wa wati 100 au pungufu. Balbu za zamani za waya zisahau, kwani sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto.

Taa iwe umbali gani kutoka kwenye miche?

Kwa tyubu za LED, sentimita 10 hadi 20 juu ya ncha za majani. Kwa paneli zenye nguvu, anza na sentimita 45 kisha ishushe taratibu huku ukiangalia majani. Mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyoondoka kwenye chanzo chake, na ndiyo maana tyubu iliyofungwa darini haiisaidii trei iliyoko mezani hata kidogo, ingawa chumba chote kinaonekana cheupe.

Itundike taa kwa mnyororo au kamba yenye mafundo ili uweze kuipandisha kila baada ya siku chache. Kama huna namna ya kuipandisha taa, anza na trei ikiwa juu ya matofali na uyapunguze miche inapokua. Weka kiganja chako usawa wa majani, mgongo wa mkono ukielekea juu, kwa nusu dakika. Ukihisi joto linalokukera, miche nayo inaunguzwa. Majani ya juu yakipauka ilhali ya chini ni ya kijani, mwanga umezidi.

Niiwashe kwa saa ngapi? Nisipoizima kabisa, si miche itakua haraka zaidi?

Saa kumi na nne hadi kumi na sita zinatosha. Nyanya iliyomulikwa saa ishirini na nne kwa siku kadhaa hupata madoa ya njano kwenye majani na kudumaa. Mmea huu unahitaji kipindi cha giza.

Watu wengi huwasha taa saa kumi na mbili asubuhi na kuizima saa mbili au saa nne usiku, na utaratibu huo unafaa. Upo mwingine ambao tunaupenda zaidi kwa chumba kisichotegemea dirisha: kuwasha jioni, saa kumi na mbili, na kuzima saa mbili au saa nne asubuhi. Arusha, usiku wa Juni na Julai ambapo nyuzi joto hushuka chini ya 15, taa hukipasha chumba kidogo wakati kinapohitaji kupashwa. Moshi, ambako mji uko chini zaidi na mchana wa Januari na Februari huvuka nyuzi joto 30, taa inayowaka usiku haiongezi joto juu ya joto. Sharti ni kwamba trei ipate giza mchana, kwa pazia zito au ndani ya chumba kisicho na dirisha, la sivyo utakuwa umerudi kwenye kosa la mwanga usiozimika.

Nunua taima, kifaa kinachowasha na kuzima taa chenyewe kwa saa ulizopanga. Kumbukumbu ya mtu haitegemeki kwa jambo linalopaswa kufanyika mara mbili kila siku kwa wiki tano.

Mtandaoni nimeona ratiba za saa 18, kisha saa 12. Je, niifuate?

Usiifuate. Maelezo mengi ya kukuza mimea ndani kwa taa yameandikwa na wakuzaji wa bangi katika nchi ambazo sheria inawaruhusu, mfano Kanada tangu mwaka 2018. Bangi huanza kutoa maua usiku unaporefuka, na ndiyo sababu wao hupunguza mwanga kutoka saa 18 hadi saa 12. Nyanya haihesabu urefu wa usiku ili itoe maua, hutoa inapokomaa. Ukiipunguzia mche wa nyanya mwanga hadi saa 12, umeupunguzia chakula tu.

Hali kadhalika viwango vya mbolea na nguvu za taa zinazotajwa humo ni vya mmea mkubwa unaokaribia kuvunwa, si vya mche wa wiki tatu. Na kwa kuwa swali hili huja likiwa limebeba jingine ndani yake, tuseme wazi: nchini Tanzania kulima bangi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iwe shambani au chumbani, na ukurasa huu hauhusiki na kilimo hicho.

Taa zitakula umeme kiasi gani, na umeme ukikatika je?

Tyubu mbili za wati 18 zikiwaka saa 16 kwa siku hutumia takriban uniti 0.58, yaani uniti 17 na kidogo kwa mwezi. Kwa nyumba iliyoko kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake kimekuwa uniti 75 kwa mwezi, hesabu hiyo inafaa kufanywa mapema kabla ya kuongeza taa ya tatu na ya nne. Kama mnachangia LUKU moja na wapangaji wenzako, waeleze mapema na mkubaliane mchango wako. Ugomvi wa LUKU umewafanya watu wang'oe taa miche ikiwa na wiki mbili.

Umeme ukikatika saa chache, miche haitadhurika. Ukikatika siku nzima, isogeze dirishani na usimwagilie, kwa sababu bila mwanga haitayanywa maji hayo. Kumbuka kwamba taima za kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika, hivyo baada ya mkatiko wa saa nne ratiba yako yote imesogea saa nne. Umeme unaporudi kwa kishindo huunguza viendeshi vya taa za LED, na kifaa kile kile kinachotumika kulinda friji kinaweza kulinda taa pia.

Kuhusu usalama, hatuna lugha ya kulainisha. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya trei zinazovuja maji. Ifunge ukutani, juu ya usawa wa trei, na waya wake uning'inie kwanza chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linaloteremka juu ya waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Zima swichi kabla ya kumwagilia.

Jana miche ilikuwa mizima. Asubuhi nimekuta imelala. Ni nini?

Inama uiangalie pale shina linapoingia udongoni. Ukikuta sehemu hiyo imenywea, ina rangi ya kahawia na majimaji, huku majani ya juu yakiwa bado ya kijani kana kwamba hayajapata habari, hicho ni kinyausi. Ukiuvuta mche kwa vidole viwili, unakatika bila upinzani. Kinyausi husababishwa na vimelea jamii ya ukungu vinavyoishi udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia, na huenda kutoka tundu moja hadi jingine kupitia maji.

Hakuna dawa ya kuufufua mche ulioanguka. Ondoa ulioanguka pamoja na udongo wake na wa majirani zake, acha kumwagilia mpaka uso wa udongo ukauke, na uweke feni ndogo inayopuliza hewa taratibu juu ya trei. Anayeanza hufanya kinyume chake, kwa sababu mche uliolala unafanana na mche wenye kiu, naye hukimbilia maji. Kabla hujamwagilia mche uliolala, gusa udongo. Ukiwa umelowa, tatizo si kiu.

Trei na vikopo vilivyotumika msimu uliopita vioshwe kwa sabuni, kisha viloweshwe kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, na kusuuzwa vizuri.

Basi nimwagilie mara ngapi?

Hakuna idadi ya siku inayofaa kila nyumba, na mtu anayekupa moja anakupotosha. Njia ya kuaminika ni uzito. Inyanyue trei mara tu baada ya kuimwagilia na kuacha maji yachuruzike, uuzoee uzito wake mikononi. Inyanyue tena kila asubuhi. Siku utakapoiona nyepesi waziwazi, na uso wa udongo umebadilika rangi kuwa ya kufifia, ndiyo siku ya kumwagilia. Chini ya taa hafifu siku hiyo itachelewa; chini ya taa kali yenye feni inaweza kuwa kila siku.

Mimina maji kwenye sinia lililo chini ya trei, uyaache yanyonywe kwa dakika kama ishirini, kisha umwage yaliyobaki. Shina linabaki kavu, na mizizi inafuata maji kwenda chini.

Nitumie udongo gani?

Usitumie udongo wa bustanini peke yake, hata ule mweusi wa Tengeru au wa migombani unaootesha kila kitu. Shambani udongo huo una minyoo, mizizi na kina kirefu cha kupitisha maji. Ndani ya tundu lenye kina cha sentimita nne hushikamana na kukosa hewa. Kokopiti inayotokana na maganda ya nazi ni nzuri, nayo hupatikana katika maduka mengi ya pembejeo. Wasiotaka kuinunua wanaweza kuchanganya mboji iliyoiva na kuchekechwa, mchanga wa mtoni na pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi bila kugeuka majivu. Wakazi wa Moshi wana bahati kwa hili, kwa kuwa mashine za kukoboa mpunga wa skimu za Moshi Chini hutoa pumba nyingi.

Mchanganyiko wenye mboji au mchanga upikwe kwa mvuke kabla ya kutumika: pipa, maji kidogo chini, chekecheo au matofali ya kuuinua, kifuniko, na moto wa wastani kwa saa moja tangu mvuke uanze kutoka. Kazi hii wengi huiruka, kisha hulaumu mbegu. Samadi isiyoiva isiingie kabisa ndani, kwani mbali na harufu, hewa yake kali huunguza mizizi michanga.

Majani mapya ni ya njano lakini mishipa yake ni ya kijani. Je, ni mbolea?

Arusha, shuku maji kwanza. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru yanajulikana kwa madini ya floraidi, na aghalabu huwa pia na magadi, hivyo hupandisha kiwango cha alkali katika udongo kila unapomwagilia. Udongo ukifika hapo, chuma kilichomo hakiyeyuki tena na mche haukipati ingawa kipo, na majani machanga ndiyo yanayoonyesha upungufu huo kwanza. Katika tundu dogo la trei athari hii huja haraka kuliko bustanini, ambako mvua husafisha udongo.

Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na uyahifadhi kwa ajili ya miche. Lita ishirini hukidhi trei kadhaa kwa muda mrefu. Moshi, ambako maji mengi ya bomba hutoka kwenye chemchemi za Kilimanjaro, tatizo hili si la kawaida.

Na mbolea niweke lini?

Si kabla ya majani mawili halisi kutokea, yaani yale yanayofuata baada ya yale mawili laini ya mbegu. Kokopiti haina chakula, kwa hiyo baada ya hapo mpe mche NPK ya kuyeyusha, kama 19-19-19, gramu moja kwa lita moja ya maji mara moja kwa wiki, na anza na nusu ya kiasi hicho. Mwenye mboji nzuri anaweza kukaa wiki tatu bila kuongeza kitu. UREA iache shambani. Chembe chache za UREA ndani ya tundu la trei huunguza mizizi, kingo za majani hukauka, na ukiongeza maji ili kuiosha unakaribisha kinyausi.

Mbegu zimekaa siku kumi na nne bila kuota. Je, ni feki?

Huenda, lakini chunguza joto kwanza. Nyanya hupenda nyuzi joto 20 hadi 27 udongoni, na hoho hupenda 24 hadi 29. Chumba cha Arusha mwezi Julai, chenye sakafu ya saruji, hakifiki huko usiku, na hoho iliyosiwa humo inaweza kuchukua wiki tatu. Iweke trei juu ya meza badala ya sakafu, uifunike kwa nailoni mpaka zianze kuchomoza. Saladi ni kinyume chake: joto likizidi nyuzi 30 mbegu zake hulala, na kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote, usizifukie, zitandaze juu na uzikandamize kidogo tu. Nyanya na hoho zifukiwe kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja.

Baridi hujitokeza pia baadaye, pale upande wa chini wa majani ya nyanya unapogeuka zambarau. Fosforasi ipo udongoni, lakini mizizi yenye baridi haiwezi kuichukua. Wengi huongeza DAP, mbolea yenye fosforasi, bila faida. Kinachohitajika ni kuinua joto.

Ikiwa joto lilikuwa sawa, angalia pakiti: tarehe ya mwisho wa matumizi na nembo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini. Jaribu mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu kabla ya kusia trei nzima, hasa kwa mbegu chotara ambazo bei yake ni kubwa. Mbegu zenye rangi ya waridi au ya buluu zimepakwa dawa. Nawa mikono, na uziweke mbali na watoto.

Vidudu vidogo vyeusi vinarukaruka juu ya udongo. Je, vina madhara?

Vikubwa vyake havina, ila mabuu yake hula mizizi myembamba na kueneza kinyausi. Kuwapo kwake ni dalili kwamba udongo wako haukauki juu. Punguza maji, tandaza mchanga mkavu kwa unene wa nusu sentimita, na uweke mitego ya gundi ya njano usawa wa majani.

Miche yangu ilikuwa mizuri ndani, nikaipanda nje ikafa ndani ya siku mbili. Kwa nini?

Haikukomazwa. Jani lililokua chini ya lux 12,000 lina ngozi nyembamba, na halijawahi kukutana na upepo wala na miale mikali ya jua la mwinuko wa mita 1,400. Ukilitoa ghafla, hupauka na kuwa jeupe kama karatasi kabla ya saa tisa alasiri.

Ukomazaji uchukue siku saba hadi kumi. Siku za kwanza mbili au tatu, itoe miche kivulini, barazani au chini ya mti, kwa saa mbili asubuhi, kisha uirudishe. Baada ya hapo ipate jua la asubuhi hadi saa nne, halafu hadi saa sita, na mwishoni ilale nje usiku mmoja au miwili. Katika siku hizo punguza maji bila kuiacha inyauke, na usiweke mbolea. Ukiwa bado una nafasi ndani, anza mapema kuiandaa kwa feni, au kwa kupitisha kiganja taratibu juu ya ncha zake mara kadhaa kwa siku, kwani mtikisiko huo hufanya mashina yawe mafupi na manene. Huko nje trei ziwe chini ya chandarua, la sivyo kantangaze na nzi weupe uliowakwepa wiki tano watazikuta barazani.

Nyanya huwa tayari ikiwa na majani halisi manne hadi sita, karibu wiki ya nne au ya tano. Hoho huhitaji wiki sita hadi nane. Mwagilia trei saa moja kabla ya kung'oa, sukuma mche kutoka chini ya tundu badala ya kuuvuta kwa shina, na upande jioni kuanzia saa kumi, ili uwe na usiku mzima wa kushika udongo kabla jua la kwanza halijauchoma.